Trinity, Mto Unaonywewa Mara Mbili

Mito ya kaskazini ya mbali, kama Nahanni wa Kanada, hulishwa na theluji ya milimani na husafiri mwendo mrefu bila kupita mjini. Trinity, mto wa Texas, hauna mlima wala theluji. Matawi yake huanzia kwenye malisho ya kaskazini mwa jimbo. Mawili hukutana Fort Worth, chini ya kilima cha mahakama ya zamani, la tatu huingia Dallas. Kutoka hapo mto hushuka kusini-mashariki hadi Ghuba ya Galveston, jirani na Houston. Urefu wake ni takriban kilomita 1,140, na hakuna mto mwingine ambao bonde lake lote limo ndani ya Texas unaoushinda.

Tabia yake inatokana na udongo. Bonde la Dallas ni mfinyanzi mweusi, mzito, usiomeza mvua upesi. Mei 1908 maji yalipanda kama mita 16 na watu wapatao 4,000 wakakosa makazi. Baadaye mji ulijenga matuta marefu na kuuhamisha mto kando ya katikati ya jiji.

Udongo huohuo hutoa chemchemi chache. Kiangazi kikikaza, karibu maji yote yanayotiririka chini ya Dallas ni majitaka yaliyosafishwa mitamboni. Kwa miaka mingi hayakusafishwa vya kutosha, na samaki walikufa kwa wingi. Sheria ya maji ya Marekani ya 1972 iliyalazimisha majiji kugharamia usafishaji wa kweli, na samaki wakarudi.

Maji hayo hukusanyika katika Ziwa Livingston, nyuma ya bwawa lililokamilika 1969. Asilimia 70 ya haki ya maji yake ni ya Houston. Kwa hiyo yaliyoogewa Dallas hunywewa Houston, baada ya kusafishwa tena. Wakenya wanaoishi huko hawapaswi kushangaa: Mto Nairobi huingia Athi, nao Athi ukifika pwani huitwa Sabaki, na visima vya Baricho kando yake huwapa maji watu wa Malindi na Mombasa. Tofauti kubwa ni kiasi cha fedha kinachotumika kusafisha huko juu.

Sasa kaskazini mwa Texas nako kuna kiu. Karibu na Crandall, maji ya tawi lingine la Trinity, la mashariki, hupitishwa kwenye ardhioevu iliyotengenezwa, mimea ikayachuja, kisha pampu huyarudisha Ziwa Lavon yanywewe upya. Yanayorudi Lavon hayateremki Livingston, wala hayafiki kwa chaza wa Galveston, ambao huhitaji maji ya mto yapunguze chumvi ya ghuba.