Mkulima wa Bomet Atazama Eropleni Farnborough

Mwezi wa Julai mwaka wa 2014, mkulima mmoja wa chai wa Bomet alisafiri kwenda Uingereza kumzuru binti wa ndugu yake, ambaye alikuwa mwuguzi huko. Jumamosi tarehe 19 binti huyo alimchukua kwa treni kutoka London hadi Farnborough, katika jimbo la Hampshire, kutazama maonyesho makubwa ya eropleni.

Mzee hakwenda kwa furaha. Tangu tarehe 10 Juni, 2008, alikuwa hana imani na vyombo vya angani. Siku hiyo ndege ndogo ya aina ya Cessna, iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kericho, ilianguka Enoosupukia katika wilaya ya Narok, wakafa watu wanne. Miongoni mwao walikuwa Bwana Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, na Bibi Lorna Laboso, Waziri Msaidizi na Mbunge wa Sotik. Nchi yote ya Wakipsigis ililia. Kwa sababu hiyo, binti yake wa mwisho alipomwomba ruhusa ya kujifunza ufundi wa eropleni katika chuo cha East African School of Aviation kilichoko Embakasi, alimkatalia, akasema, "Ajali haina kinga."

Farnborough ni mahali penye sifa ya zamani. Ndipo alipoirusha Samuel Cody ndege yake tarehe 16 Oktoba, 1908, nayo ikawa ya kwanza kuruka kwa nguvu ya injini katika nchi ya Uingereza. Siku hizi maonyesho hufanywa kila baada ya miaka miwili, na mashirika ya dunia nzima huja kuuza na kununua.

Mzee alistaajabu hasa alipoiona Airbus A380. Upana wake, toka ncha ya bawa moja hata ncha ya la pili, ni futi 261. Akapiga hesabu kama mkulima: mistari ya chai ikiachana futi 4, ndege ile ingefunika mistari 65. Hata hivyo iliinuka na kugeuka angani kwa wepesi kama mwewe. Ilikuwako pia ndege ya aina ya Boeing 787, jamaa ya ile iliyopokewa na shirika la Kenya Airways mwezi wa Aprili mwaka uo huo. Kisha zikaja ndege 9 nyekundu za Red Arrows, zikifuatana karibu karibu huku zikitoa moshi wa rangi tatu.

Walakini mzee aliona jambo moja. Watu walizuiwa mbali kwa ua, na ndege zilizocheza angani hazikupita juu ya vichwa vyao. Akauliza sababu. Mwingereza mmoja mzee aliyeketi karibu nao akamjibu.

Alisema kwamba tarehe 6 Septemba, 1952, ndege ya kivita ya aina ya DH 110 ilivunjika vipande vipande mahali papo hapo. Rubani John Derry na mwenziwe Tony Richards walikufa, na injini ikaangukia kilima kilichojaa watazamaji. Watazamaji 29 wakafa. Wachunguzi walikusanya vipande, wakagundua kwamba bawa halikuwa na nguvu za kutosha kustahimili kugeuka kwa kasi kubwa. Ndipo zilipowekwa sheria kali: ndege isielekee kwenye watu, na iwe mbali nao.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Jioni, walipokuwa wakirudi, alimwambia binti wa ndugu yake, "Mimi nilidhani watu hawa ni mashujaa tu. Kumbe wana daftari la makosa yao, nao hulisoma."

Daftari hilo halijafungwa. Tarehe 22 Agosti, 2015, ndege nyingine ya maonyesho ilianguka katika barabara kuu karibu na Shoreham, wakafa watu 11, na sheria zikaongezwa tena. Hakuna ufundi wa binadamu usiokosea. Lakini kosa lililochunguzwa vema huwaokoa wengi watakaofuata.

Mzee alirudi nyumbani, akaendelea kupeleka majani yake kituoni kama kawaida: majani mawili na chipukizi. Bonasi ya chai ilipolipwa mwezi wa Oktoba, alimwita binti yake, akamhesabia karo ya muhula wa kwanza mbele ya mama yake. Akamwambia, "Ukaguapo injini, mwanangu, kumbuka kwamba ndani ya ndege mna baba wa mtu. Usitie sahihi jambo ambalo hukuliona kwa macho yako."

Neno la "ajali haina kinga" hakulitaja tena.