Goma: Mikwaruzo midogo ya motokari, mara nyingi huanzia kwenye ndoo ya kuoshea

Motokari ya okazioni ikiegeshwa kivulini inang'aa kama mpya. Jua la saa sita likipiga kwenye kapo, mikwaruzo midogo inajitokeza kama utando wa buibui. Mjini Goma wenye magari wengi wanaijua hali hiyo, na wengi wanaharakisha kwa fundi wa rangi ili asugue. Kazi hiyo inawezekana na matokeo yake hupendeza. Lakini kila mara inapofanywa, kuna kitu kinachoondoka kwenye motokari na hakirudi tena.

Rangi ya magari mengi ya kisasa ina tabaka tatu juu ya bati: kwanza rangi ya msingi ambayo mafundi wanaiita apre, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa verni isiyo na rangi. Verni ndiyo inayong'aa na ndiyo inayokinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi. Mikwaruzo midogo inakaa ndani ya verni hiyo. Kuiondoa maana yake ni kula verni ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo.

Vumbi la lava na bidoni moja ya maji

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo iliingia mjini mwaka wa 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi kwenye mitaa ya kaskazini. Vumbi jeusi la mawe hayo ni gumu kuliko verni. Likikaa tu juu ya motokari haliumizi sana. Likisuguliwa kwa kitambaa kikavu, linafanya kazi ya msasa.

Maji nayo ni shida. Ingawa ziwa Kivu liko karibu, katika mitaa mingi maji yanachotwa na kununuliwa kwa bidoni ya lita 20. Kijana anayeosha magari anajaribu kuyatumia kidogo. Sifongo iliyotoka kusugua matairi inarudi kwenye ndoo ileile, kisha inapanda kwenye mlango na kapo. Mchanga ulio ndani yake unaacha alama kila mkono unapozunguka.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Motokari inamwagiwa maji kwanza ili vumbi lidondoke, kisha inaoshwa kuanzia juu kwenda chini. Ndoo moja ni ya sabuni, nyingine ni ya kusuuzia kitambaa. Matairi yanaoshwa mwisho, kwa kitambaa chake. Kwa mwenye bidoni mbili tu, moja ya kumwagia na nyingine ya kugawa katika ndoo hizo inatosha kupunguza madhara.

Kupima kabla ya kusugua

Kuna vipimo viwili vyepesi. Cha kwanza ni maji: mkwaruzo ukilowanishwa na kupotea, uko ndani ya verni na unaweza kuondolewa. Cha pili ni ukucha: ukipitishwa juu ya mkwaruzo na kukwama, mkwaruzo ni wa kina na kuusugua mpaka uishe ni hatari. Ikiwa apre au bati linaonekana, hapo panahitaji rangi mpya.

Kwa mikwaruzo myepesi, motokari inaoshwa, inakaushwa na kuwekwa kivulini hadi bati lipoe. Inaanzwa na pasta laini kuliko zote, sehemu ndogo iliyofichika, kwa kitambaa laini au sifongo safi. Matokeo yakiwa mazuri, kazi inaendelea kipande kwa kipande, karibu sentimita 50 kwa 50. Pasta kali inatumiwa tu pale laini iliposhindwa. Baada ya hapo inapakwa nta ili kukinga verni iliyobaki.

Mashini inaharakisha kazi, lakini inapasha moto. Kwenye kingo za milango na kona za kapo verni ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mafundi waangalifu wanazifunika kwa utepe wa karatasi. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya motokari, ni lazima kusimama mara moja: ama verni imekwisha, ama motokari hiyo haikuwa na verni tangu mwanzo.

Verni ikiisha, jua linamaliza kazi. Goma iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita karibu 1.500, na miale ya jua ni mikali. Rangi inapauka, pembeni verni iliyobaki inabanduka kama ngozi, na gharama ya kupaka rangi upya ni kubwa mbali na ile ya pasta.

Mnunuzi awe macho

Wauzaji wengine hawaondoi mikwaruzo, wanaijaza kwa nta au mafuta ya kung'arisha. Mng'ao huo unadumu kwa kuoshwa mara chache tu. Anayetaka kununua aombe kipande cha kapo kioshwe kwa sabuni ya vyombo na kukaushwa, kisha akiangalie kwenye jua. Asikubali kuangalia motokari wakati wa mvua au jioni. Atazame pia kama mlango mmoja una rangi tofauti kidogo na mwingine, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba ulipakwa upya, labda baada ya ajali.

Mikwaruzo michache yenyewe haizuii motokari kutembea. Kwa mwenye taksi anayeishi kwa kazi ya kila siku, mara nyingi ni afadhali kuiacha, kuanza kuosha vizuri, na kuhifadhi verni kwa ajili ya miaka inayokuja.