Sumu Iliyobaki Udongoni: Habari za Vikuge

Katika vipindi vya kemia vya muhula huu, baadhi ya vijana wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali ambalo nadhani hata wazazi wangependa kusikia jibu lake. Walisema: Ikiwa sumu imemwagika mahali, na watu wakaja wakaizoa wakaipeleka mbali, kwa nini wataalamu waendelee kupima pale mwaka baada ya mwaka? Je, kazi si imekwisha? Nitajibu kwa mfano ulio karibu nasi. Hauko Ulaya wala Marekani. Uko Kibaha, mwendo mfupi wa basi kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro.

Huko Vikuge, katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kuna shamba la serikali la majani ya malisho ya mifugo. Mwaka 1986 shamba hilo lilipelekewa shehena ya dawa za kuua wadudu na magugu kutoka Ugiriki. Zilikuja kwa jina la msaada, na baadhi yake muda wake wa kutumika ulikuwa umekwisha. Shamba la majani ya ng'ombe lilikuwa na haja gani na shehena ya namna hiyo? Kwa maoni yangu, mtu akikupa kitu ambacho kukiteketeza kwao kungemgharimu fedha nyingi, amejitua mzigo wake na kukutwika wewe. Dawa ziliwekwa bandani, miaka ikapita, hatimaye banda likaanguka, na sumu ikaingia ardhini.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Mpita njia angaliona uwanja mtupu, akasema hapa pamesafishwa. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walichimba udongo wa mahali pale kwa vina vitatu, hata kufika sentimita 50, wakachota na maji ya visima. Matokeo waliyatangaza mwaka 2004. Katika udongo wa juu walikuta DDT na mabaki yake kufikia asilimia 28, na dawa nyingine iitwayo HCH kufikia asilimia 6.

Naomba msomaji asiipite haraka hesabu hii. Asilimia 28 maana yake ni gramu 280 katika kilo moja ya udongo. Unga wa DDT waliokuwa wakinyunyizia wakulima zamani mara nyingi ulikuwa na asilimia 5 au 10 tu ya dawa yenyewe, iliyobaki ni vumbi la kuichanganyia. Basi udongo ule ulikuwa mkali kuliko dawa ya dukani! Katika maji walikuta dawa za jamii hiyo kufikia mikrogramu 30 kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, nayo yaonekana ndogo mno. Lakini sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 0.5 tu ya dawa zote kwa jumla katika lita ya maji ya kunywa. Gawanyeni wenyewe, mtapata mara 60.

Sasa, kwa nini sumu hii haiondoki? DDT haipendi maji, bali hupenda mafuta. Mvua ikinyesha, sehemu ndogo sana huyeyuka. Iliyobaki hushikamana na chembe za udongo na mboji. HCH huyeyuka zaidi, kwa hiyo hiyo huwahi kufika kisimani. Vijidudu vya udongoni huweza kuivunja DDT polepole iwe DDE na DDD, lakini hizo nazo hudumu sana, na mahali sumu ilipolundikana kupita kiasi vijidudu vyenyewe huzidiwa. Tuchukue kwa mfano kwamba nusu ya DDT hutoweka kila miaka 10. Tukianza na asilimia 28, baada ya miaka 50 itabaki asilimia 0.875, yaani karibu gramu 9 kwa kila kilo. Aliye Kidato cha Tatu leo atakuwa babu au bibi, na udongo bado ungali na sumu.

Ndiyo maana kuzoa mapipa na unga ni mwanzo wa kazi. Udongo wenyewe umekuwa taka ya sumu, nao hapana budi uchimbwe, ufungwe vyema, kisha uchomwe katika tanuri maalumu lenye joto la zaidi ya digrii 1,000, au uzuiliwe mahali pake usipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua. Kuuchoma kwa moto wa kuni ni hatari, kwa sababu moto hafifu huweza kuzaa sumu nyingine.

Na baada ya hapo ndipo hufuata upimaji ulioulizwa na vijana. Mpimaji hurudi mahali pale pale, kwa kina kile kile, kiangazi na masika, maana kisima kilicho salama mwezi wa Januari chaweza kubadilika mvua zikishuka mwezi wa Aprili. Huangalia pia uwiano wa DDT na DDE: DDE ikizidi kuongezeka kulinganisha na DDT, ajua ya kuwa sumu inavunjika, DDT ikiwa bado ndiyo nyingi, ajua kazi ya vijidudu inakwenda pole, au kuna sumu mpya imeingia. Wala hapimi udongo peke yake. Huko Vikuge watafiti walipima nyasi, na matokeo yakatoka mwaka 2005. Kisha majani machanga ya miembe, matokeo yakatoka mwaka 2007. Nyasi huliwa na ng'ombe, na sumu ipendayo mafuta hukaa katika mafuta ya mnyama na kutoka katika maziwa.

Kwetu sisi tukaao Temeke, ambako nyumba nyingi hutegemea visima, nawakumbusha wazazi mambo mawili. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuondoi DDT. Na dumu lililotiwa dawa ya shambani halifai kutekea maji, hata likioshwa kwa sabuni mara kumi. Mwenye shaka na kisima chake, Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa hapa Dar es Salaam. Aendapo aeleze pia mahali pale palihifadhiwa nini zamani, kwa sababu mkemia hupima kwa urahisi zaidi anapojua anatafuta sumu gani.