Uji Mtamu Usiotiwa Sukari



Baadhi yenu mtastaajabu kuona Katibu, ambaye kazi yake ni kuwaandikieni habari za mizani, magunia na ukavu wa karafuu, leo anaandika habari za uji. Ninayo sababu. Msimu uliopita nyumba yangu, kama nyumba zenu, ilikuwa shambani tangu alfajiri, na usiku ni kuchambua karafuu na makonyo mpaka macho yakafumba yenyewe. Mtoto wetu mdogo, wa miezi ishirini, asubuhi alipewa chai ya rangi yenye sukari tele na andazi. Akanyamaza, nasi tukaona ameshiba. Msimu ulipokwisha tulimpeleka kupimwa. Mstari wa kadi yake, ambao zamani ulikuwa ukipanda, ulikuwa umelala kwa miezi mitatu. Fedha za karafuu tulikuwa nazo, na mtoto hakuongezeka hata ratili moja.

Baada ya hayo nilisafiri kwenda Mbeya, kwa harusi ya rafiki niliyesoma naye sekondari. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kutwa kwa basi, zaidi ya kilomita 800. Unapita Morogoro, unapanda mlima wa Kitonga ambako abiria wote huacha kuzungumza, kisha Iringa, kisha Makambako, hata unafika kwenye baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui. Asubuhi niliamka natetemeka, natafuta chai. Mama mwenye nyumba akanipa kikombe kikubwa cha kitu cha rangi ya udongo, kizito kidogo, kitamu.

Nikamwuliza, "Mama, umetia sukari kiasi gani?"

Akacheka. "Mwanangu, humo hamna sukari. Hicho ni kimea."

Nacho kinywaji chenyewe ni togwa, kinachojulikana sana Mbeya, Iringa na Ruvuma. Hupikwa uji wa mahindi, ukaachwa upoe, ukatiwa unga wa kimea, yaani ulezi ulioloweshwa ukachipua, kisha ukakaushwa na kusagwa. Punje inapochipua hutengeneza ndani yake vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuukata wanga na kuugeuza sukari, kwa kuwa mche mchanga nao wahitaji chakula. Ukitia unga huo katika uji ulio moto wa wastani, kazi ile ile hufanyika chunguni: uji huwa mtamu, na tena hulegea.

Huko kulegea ndiko kulikonifanya nikae chini na kufikiri. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukimpa uji mwepesi umempa maji. Ukimpa mzito hawezi kuumeza. Kwa kimea unapika uji mzito wenye unga mwingi, nao unalegea bila ya kuongezwa maji. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980.

Najua mtakaloniuliza, maana nami nililiuliza: kimea si ndicho kinachopikiwa pombe? Ndicho. Na togwa ikiachwa siku nyingi huchacha, na hiyo si yetu. Lakini uji nitakaoueleza hapa hutiwa kimea, ukangojewa nusu saa, ukarudishwa motoni ukachemka, ukanywewa asubuhi ile ile.

Nikirudi nililala Iringa siku mbili. Sokoni kuna mahindi, maharage, viazi na mboga za kila namna. Hata hivyo, katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa, hali Tanzania nzima ni kama 30 katika kila 100. Si njaa. Sababu ni nyingi, lakini moja ni hii: mama yuko shambani kutwa, na mtoto aliyeachwa nyumbani hupewa uji mweupe wa sembe, basi. Niliposikia hayo niliiona nyumba yangu mwenyewe wakati wa msimu.

Sasa kazi yenyewe. Pepeta ulezi, uoshe mara nyingi, kwa kuwa una changarawe. Uloweke usiku kucha, umwage maji, uutandaze juu ya gunia safi lililo majimaji, uufunike, na uunyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vichipukizi kama nyuzi nyeupe. Wenye ukungu utupe. Uanike mpaka ukauke kabisa, uufikiche vichipukizi vitoke, kisha usage. Kuanika hatufundishwi na mtu sisi, ila msiuanike juu ya jamvi la karafuu! Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, na uji wote ukanuka kama dawa ya meno.

Asubuhi chemsha vikombe vinne vya maji pamoja na karafuu mbili, wala si zaidi, kisha uzitoe. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ulezi usiochipuzwa katika kikombe cha maji baridi, umimine, upike mpaka uwe mzito. Epua. Ukiweza kuuonja kwa ncha ya kidole bila ya kuungua, tia vijiko viwili vya kimea, koroga, funika, ungoje nusu saa. Rudisha motoni pamoja na ndizi kisukari mbili mbivu zilizopondwa, vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, na tui zito la nusu nazi. Uache uchemke dakika kumi.

Karanga zichagueni moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara. Na mgonjwa wa kisukari asidanganyike na jina la makala haya: utamu wa kimea nao ni sukari.

Uji huu ni chakula cha asubuhi tu. Mtoto aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili, na mchana apate dagaa au yai na mboga. Wa kwetu mstari wake umeanza kupanda tena. Sisemi ni uji peke yake, kwa kuwa mama yake naye siku hizi haendi shambani mpaka mtoto amekwisha kula, na mimi ndiye ninayetangulia.

Nilinunua ulezi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, na nimebakiwa na pishi tatu. Mwanachama atakaye kibaba cha kujaribia kuchipuza aje ofisini Jumamosi asubuhi, na achukue chombo chake.