Umegongwa barabarani: udai wapi, na itakugharimu nini?

Mtu akigongwa na bodaboda Mbagala au daladala Ubungo, ofa ya kwanza mara nyingi humfikia hata kabla hajapigwa eksirei. Dereva au ndugu zake huja na hela ya dawa, labda laki tatu, labda laki tano, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba mmemalizana. Hela hiyo inavuta, maana hospitali wanataka malipo leo. Lakini mfupa wa paja ukihitaji vyuma, laki tano haifiki mbali, na kama goti halitakunja tena, siku ya tatu baada ya ajali hakuna awezaye kujua. Msaada wa matibabu pokea, ila uandikwe kuwa ni msaada wa matibabu. Kusaini kumaliza madai kusubiri mpaka daktari aseme umebaki na ulemavu kiasi gani.

Mbali na kumalizana na dereva, njia ya pili ni bima ya chombo kilichokugonga. Wengi hukata tamaa wakiambiwa gari lina bima ndogo tu, na wanajinyima haki bure. Bima ndogo ya gari binafsi hukatwa kwa Sh118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani Sh350,000 kabla ya kodi kwa gari la milioni 10. Nyongeza hiyo inamlinda mwenye gari na gari lake. Wewe uliyeumia unakingwa na zote mbili, kwa sababu Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo awe na kinga kwa watu atakaowaumiza au kuwaua. Ingiza namba ya usajili kwenye TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, utaiona kampuni na kama bima ipo hai.

Kudai huku hakuhitaji wakili. Kunahitaji PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya trafiki na mchoro wa ajali, vyeti vya hospitali, uthibitisho wa kipato na risiti, hata ya magongo na ya bajaji ya kwenda kliniki. Gharama yako ni nauli, fotokopi na subira. Kampuni ikikataa au ikitoa kiasi cha kudhalilisha, mpelekee malalamiko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kuna kikomo cha kiasi anachoshughulikia, lakini mlalamikaji halipii huduma.

Aliyeumia akiwa kazini, mathalani ametumwa na mwajiri kupeleka mzigo, aanze na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hapa huhitaji kuthibitisha nani alikosea. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Akikwambia alikukata kwenye mshahara, amevunja sheria. Ukiwa na mshahara wa Sh600,000 na umelala miezi minne, asilimia 70 ya mshahara inayolipwa na Mfuko ni Sh420,000 kwa mwezi, jumla Sh1,680,000, mbali na matibabu. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12.

Mahakama ndiyo ghali kuliko zote: ada, wakili, daktari wa kutoa ushahidi, na miaka. Inafaa kwa jeraha kubwa, pale maisha yaliyobaki yamebadilika, kwa kuwa hakimu anaweza kufidia maumivu na kipato cha baadaye. Ukikubaliana malipo na wakili, yaandikwe kabla kesi haijafunguliwa. Wala usidhani kesi ya trafiki imekulipa: faini aliyotozwa dereva inakwenda serikalini. Hukumu hiyo, hata hivyo, ni ushahidi mzito katika madai yako, kwa hiyo omba nakala.

Kwa jeraha la kawaida, mimi ningeanza na bima, kisha Msuluhishi, na mahakama ningeiweka akiba. Akiba hiyo ina mwisho: madai ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Tafadhali, usiache majadiliano na kampuni yakaimeza miaka hiyo. Tarehe ya ajali iandike juu ya faili lako, na mwaka wa pili ukikaribia kwisha bila malipo, mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria.