Mavazi ya Kuingilia Mwituni

Atokaye Wiyoni, ukingoni mwa mji wa Lamu, huvuka mlango wa bahari hadi Mokowe, na kutoka hapo hushika njia za bara ziendazo katika misitu wakaako Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer. Zamani watu hao waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu, na kwa kuwa mshale haufiki mbali, ilimlazimu mwindaji amkaribie mnyama pasipo kuonekana. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Lakini elimu hiyo ingali yamfaa aendaye kutazama wanyama au kurina asali.

Ifahamike kwanza ya kuwa macho ya mnyama si kama ya binadamu. Nyati, nyamera na paa hawapambanui vizuri nyekundu na kijani, bali buluu huiona sana. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa Marekani huvaa vizibao vya rangi ya chungwa: wenzao huwaona, wasije wakapigana risasi, na mnyama hashtuki. Kwa hiyo shuka kuukuu ya hudhurungi ni bora kuliko suruali mpya ya buluu. Hata zile sabuni za unga zenye dawa ya kung'arisha huiachia nguo mng'ao wa buluu. Afadhali sabuni ya mche. Tena mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Penye vilima vya mchanga yafaa kaki hafifu. Ndani ya mikoko, penye kivuli kizito, kijani iliyofifia. Lakini nguo haimsaidii mtu aendaye kwa pupa, wala yule ambaye upepo wampitia ukielekea kwa nyati.

Iko nguo moja isiyofaa popote, hata ikipatikana kwa bei rahisi katika mitumba: ile ya mabaka ya kiaskari. Sheria za Kenya humkataza raia kuvaa sare ya jeshi au nguo iliyo mfano wake. Katika msitu wa Boni jambo hili ni la hatari, kwani Septemba 2015 serikali ilianzisha huko msako ulioitwa Linda Boni, wa kuwatafuta wapiganaji wa Al-Shabaab. Askari amwonapo kwa mbali mtu wa mabaka kati ya miti, hana njia ya kujua kama ni mrina asali au adui. Basi mwenye safari na aulize kwanza polisi ni njia zipi zilizo wazi, kisha avae nguo ya rangi moja.