Ohrmazd na Ahriman: Kweli au Si Kweli?

"Wafuasi wa nabii Zarathustra wanaabudu moto."
Si kweli. Wanamwabudu Ahura Mazda, Bwana Mwenye Hekima, na moto ni ishara ya nuru yake. Huko Yazd, Iran, kuhani hufunika pua na mdomo kwa kitambaa cheupe anapoongeza kuni, pumzi yake isije ikauchafua moto ambao inasemekana haujazimika kwa zaidi ya miaka 1,500. Anayeitazama heshima hiyo kwa mbali ataiita ibada.

"Dini yenyewe ilishakufa."
Si kweli. Ingali hai Iran, Mumbai na Gujarat. Hata Unguja Waparsi, yaani wafuasi wake wa India, walikuwapo: Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, alizaliwa huko mwaka 1946.

"Kwao wema na uovu vina nguvu sawa."
Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Gatha, nyimbo 17 zinazohesabiwa kuwa za Zarathustra mwenyewe, zinataja roho mbili pacha, moja ikichagua ukweli na nyingine uongo. Lakini fungua Bundahishn, kitabu cha baadaye kinachosimulia uumbaji. Ohrmazd, yaani Ahura Mazda, anajua yote tangu mwanzo. Ahriman, roho ya uovu, hajui hata kama mwenzake yupo, mpaka aone nuru. Anasomewa sala moja tu, anazirai kwa miaka 3,000. Akizinduka anatoboa mbingu, anatia chumvi majini, anauchanganya moto na moshi, anamwua ng'ombe wa kwanza na mtu wa kwanza, Gayomard. Basi! Hana alichoongeza kilicho chema. Tena mwili wa ng'ombe yule unaotesha nafaka na dawa, na mbegu ya Gayomard inatoa wanadamu wote.

"Kwao kifo si kazi ya Mungu."
Kweli. Msibani sisi husema kazi ya Mungu haina makosa. Mafundisho yao ya kale yanasema kifo ni kazi ya adui, si ya Mungu. Sijaiacha imani yangu, ila nikikaa na mzazi aliyezika mwanawe, wazo hilo hunijia na kunituliza.

"Binadamu alitupwa vitani bila kuulizwa."
Si kweli, na kwangu hiki ndicho kisa kikuu. Ohrmazd aliziuliza roho za watu: mbaki kwangu mkilindwa milele, au mshuke, mvae miili, mpigane? Zikachagua kushuka. Ndiyo maana kwao kulima shamba, kulea mtoto na kusema ukweli ni kupigana.

"Waovu wataungua milele."
Si kweli. Siku ya mwisho madini ya milimani yatayeyuka yatiririke kama mto, na kila mtu atapita humo. Mwema atahisi maziwa ya uvuguvugu. Mwovu ataungua kwelikweli, lakini atatoka safi, naye atapokewa na jamaa zake.